Hiyo Soko Iko na Milango Ngapi?

Ndugu zangu, wiki hii ni zamu yangu kuandika. Tulikubaliana kila mmoja achague jengo moja la mtaa anaokaa, alieleze kwa wenzake. Mimi nakaa Kimisagara na nasoma ujenzi, kwa hiyo nimechagua soko. Si kwamba ni jengo zuri kuliko mengine yote ya Kigali. Nimelichagua kwa sababu mama yangu alikataa kufanya biashara chini ya paa lake kwa muda mrefu, na mimi nilifikiri anakosea.

Kwa wale wa kambini ambao hawajafika huku: Kimisagara ni mtaa wa mteremko, chini ya mlima Kigali, kati ya Nyamirambo na Nyabugogo. Nyumba zimepandana kama ngazi. Ruhurura ya Mpazi inashuka na maji ya mvua mpaka bondeni Nyabugogo, na mvua kubwa ikipiga, mlio wake unausikia ukiwa kitandani. Kwenye mtaa kama huu mvua si hadithi. Mvua ndiyo inaamua nani atauza leo na nani atarudi nyumbani na mzigo wake.

Ndiyo maana soko lenye paa ni kitu kikubwa. Ukiliangalia kwa macho ya fundi, soko la namna hii ni kitu rahisi: nguzo, kenchi, bati, meza, na njia kati ya meza na meza. Kuta si lazima ziwe nyingi, maana soko linataka hewa. Hewa ya moto hupanda, ikikuta nafasi juu inatoka, na ya baridi inaingia chini. Samaki hawaozi haraka, na mama mwenye mtoto mgongoni anapumua. Mvua ikianguka juu ya bati watu wote wanaanza kupiga kelele, maana hakuna anayemsikia mwenzake. Hata bei mnaelewana kwa vidole.

Sasa nirudi nyuma kidogo.

Sisi ni watu wa Buyenzi, Bujumbura, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba na Kiswahili ndiyo lugha ya uani. Mama alikuwa na meza ya vitenge katika soko kuu la mjini. Lilikuwa soko kubwa kweli, lenye paa, na kila kitu cha nchi kilipitia pale: nguo, ndagala, sabuni, redio, dawa. Mtu akitoka Ngozi au Rumonge kuja kununua mzigo, anaenda pale kwanza.

Jumapili tarehe 27 Januari 2013, asubuhi, soko likashika moto. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nakumbuka moshi mweusi umesimama juu ya mji, na mama akitoka mbio bila viatu. Rwanda ilituma helikopta kuja kusaidia kumwaga maji. Sisi watoto tulikuwa tunaitazama kama sinema. Hatukujua kwamba kule chini ndiyo ada yetu ya shule inaungua.

Mama alirudi jioni. Miguu ilikuwa imechafuka masizi mpaka magotini. Hakulia mbele yetu. Alikaa kwenye mkeka, akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi tangu siku ile:

“Miaka tisa naingia kwa mlango mumoja. Leo hiyo mlango ilikuwa moshi tupu. Na ingine sikujua iko wapi.”

Vitenge vyote viliungua. Deni alilokopa kuvinunua halikuungua. Alilipa kidogo kidogo kwa kuuza maandazi, na alikuwa hajamaliza mambo ya nchi yalipoharibika mwaka 2015, tukavuka kama wengi wenu. Bugesera kwanza, halafu Mahama, halafu Kigali. Na nyie mnajua: ukichagua kuishi mjini, unajitafutia mwenyewe.

Kigali mama akawa mzunguzayi. Alikuwa anabeba ndagala na nyanya kwenye agataro, anazunguka kutoka Nyabugogo kupanda Kimisagara, jicho moja kwa mteja na jingine kwa wale wanaofukuza. Mji huu unataka usafi na utaratibu, na biashara ya barabarani hairuhusiwi; anayeuza na anayenunua wote wanaweza kupigwa faini. Siku akikamatwa, mzigo unakwenda. Siku mvua ikipiga, anasimama kwenye barza ya duka la mtu mpaka mwenye duka aseme, “Mama, unanizibia wateja.”

Hapo kwenye barza nataka nisimame kidogo, maana ndiyo historia yenyewe. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, halafu wakaja wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili wa pwani. Katika miji yetu hii, Bujumbura, Bukavu, Kigoma, duka la zamani lina sura yake: nyumba ndefu, milango ya mbao inayokunjwa, na mbele yake paa limetolewa nje juu ya nguzo. Chini ya paa hilo ndiyo barza. Mteja anatembea duka hadi duka bila kuloa, na fundi wa kushona anaweka cherehani yake palepale. Mwenye duka anapata wateja, fundi anapata kivuli. Hilo ndilo wazo lote la soko la paa: mtu asiwe na haraka ya kukimbia jua wala mvua, akae, aangalie, anunue.

Wazungu nao walilifanyia kazi wazo hilohilo, kwa pesa nyingi zaidi. Paris, mwaka 1800, walifungua Passage des Panoramas, njia ya maduka iliyofunikwa kwa vioo ili watu wasitembee kwenye matope. Brussels, mji mkuu wa hao Wabelgiji waliokuja baadaye kutawala Ruanda-Urundi, walifungua mwaka 1847 Galeries Royales Saint-Hubert, njia ya zaidi ya mita 200, juu vioo na chuma. Niliziona picha zake darasani nikapagawa. Nikasema, kumbe soko linaweza kuwa hivi!

Basi mwanzoni mwa Julai 2021, jirani yetu, mama Mnyarwanda anayeuza mboga ndani ya soko la Kimisagara, akamwita mama. Alikuwa amechoka mgongo, meza ilikuwa kubwa kwake. Akasema: njoo tugawane, nusu yangu na nusu yako, tuchange malipo, utoke barabarani. Mama alikuwa na faranga elfu sitini kwenye kimina. Ndiyo ilikuwa akiba yetu yote. Ndani yake mlikuwemo na kodi ya nyumba ya mwezi unaofuata.

Mimi nilifurahi kama mtu aliyepata viza. Usiku ule nikamwonyesha mama picha za Paris na Brussels kwenye simu. Nikamweleza juu ya vioo, chuma, taa za gesi. Nikamwambia: mama, watu wenye akili duniani kote walitoka barabarani wakaingia chini ya paa, na sisi tuingie. Aliangalia picha moja moja, taratibu, kwa heshima ya mwanawe. Halafu akauliza:

“Hiyo soko iko na milango ngapi?”

Nikacheka. Nikamtafutia ya Istanbul, Kapalıçarşı, soko la paa ambalo lilianza karne ya 15 na bado linauza mpaka leo. Nikamwambia hili lina milango zaidi ya ishirini. Akauliza kama limewahi kuungua. Nikaangalia. Limeungua mara nyingi. Moto mkubwa wa karibuni ulikuwa mwaka 1954. Nikanyamaza.

“Unaona,” akasema, akaenda kulala.

Hata hivyo alikubali. Alisema Jumatatu atapeleka pesa. Lakini usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai, soko la Kariakoo, Dar es Salaam, likashika moto. Asubuhi ya Jumapili video zilikuwa kila mahali, kwenye kila kikundi cha WhatsApp, moto umepanda mpaka kwenye paa.

Kwangu mimi Kariakoo haikuwa soko tu. Ni jengo tulilofundishwa. Lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda wetu, na likafunguliwa mwaka 1975. Hakuiga vioo vya Paris. Alisimamisha miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, uwazi juu, mguu chini, kana kwamba amechukua miti mikubwa ambayo watu wetu walikuwa wanafanyia soko chini yake, akaigeuza kuwa nguzo. Mwanga na hewa vinapita kati ya mwavuli na mwavuli. Kila nikichora soko shuleni, nilikuwa naiba kitu kidogo kwa mzee huyo.

Mama hakuangalia video mpaka mwisho. Alifungua kitambaa chake, akahesabu zile elfu sitini, akazifunga tena.

“Mimi narudi barabarani,” akasema. “Barabara haina mlango. Nikiona moto nakimbia tu.”

Hapo nikamkosea mama yangu. Nilimwambia ana woga wa kijijini. Nilimwambia yaliyopita yamepita, kwamba kila siku anapokimbizwa na agataro kichwani mimi ndiye napata aibu mbele ya wenzangu. Maneno hayo nimeyaandika hapa kwa sababu najua wengi wetu tumewahi kuwaambia wazazi wetu maneno ya namna hiyo. Tunasoma kidogo, tunajifunza Kinyarwanda na Kiingereza haraka kuliko wao, basi tunadhani tumeona dunia kuliko wao.

Hakunijibu. Jumamosi ya wiki hiyohiyo, tarehe 17, Kigali ikafungwa kwa sababu ya korona. Waliokuwa na meza za chakula sokoni waliendelea kuuza, ingawa kwa idadi ndogo. Mzunguzayi hakuwa na njia yoyote. Tukala ndani ya zile elfu sitini. Siku ya tisa mama akaniita, na nikajua anaenda kusema kitu ambacho amekifikiria usiku mzima.

“Sikukataa paa,” akasema. “Nakataa paa ambayo siijui. Wewe unasoma nyumba. Siku wakifungua, unipeleke, unioneshe.”

Mwezi wa nane tukaenda. Ndugu zangu, nimefanya mazoezi mengi ya shule, lakini kazi ya kwanza ya kweli ya ujenzi niliyofanya maishani ni ile asubuhi na mama yangu. Nilidhani mimi ndiye nitamfundisha. Tuliingia polepole. Alitaka kwanza tutembee kuzunguka soko lote kwa nje. Halafu tukaingia kwa upande mmoja, tukatokea upande mwingine, tukarudi, tukaingia kwa upande wa tatu. Hakuuliza bei ya kitu. Watu walidhani tumepoteza mtoto.

Nilimweleza nilichokijua: moshi unapanda juu, ukikosa pa kutokea unashuka na kumfikia mtu kabla ya moto wenyewe, ndiyo maana uwazi kati ya ukuta na paa ni muhimu. Meza za saruji haziungui, lakini vilivyo juu yake na chini yake vinaungua: makatoni, magunia, nailoni, nguo. Waya za umeme za kuunga-unga ni hatari. Na njia kati ya meza imepimwa ili watu wapishane. Kila muuzaji akisogeza mzigo wake hatua moja nje, njia inakufa, na hakuna aliyeiua peke yake.

Hapo alinishika mkono. “Hiyo ya mwisho,” akasema, “irudie.”

Nikairudia. Akatikisa kichwa. Akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia: kwamba katika soko la Bujumbura yeye mwenyewe alikuwa anaweka balo mbili njiani, mbele ya meza yake, kila siku, ili wateja wasimame. Wote walifanya hivyo. Tuliona ni akili ya biashara, akasema. Sikujua niseme nini. Tulisimama pale katikati ya soko, watu wanatupita.

Meza ya yule mama wa mboga ilikuwa katikati, mahali pakavu, pazuri, wateja wanapita pande zote mbili. Ila pana giza kidogo na ni mbali na nje. Mama alikaa pale dakika chache, halafu akatembea kwenda nje akihesabu hatua kwa sauti ya chini. Akarudi. Akafanya hivyo tena akiwa amefumba macho, mkono wake unagusa meza za watu, na wauza ndizi wakamcheka.

Mwishowe alimwambia jirani: nakushukuru sana, Mungu akubariki, lakini mimi natafuta ya pembeni. Meza za pembeni hakuna anayezitaka. Mvua ikija na upepo inapiga kwa ubavu, inaloesha bidhaa, na jua la jioni linaingia. Kwa hiyo bei yake ni ndogo. Yule mama hakukasirika. Alimtafutia mwenye meza ya pembeni aliyekuwa anahamia kwa wanawe, akamdhamini kwa maneno yake: huyu mama namjua, ni mtu wa kazi. Mkimbizi anapata kitambulisho, anapata haki ya kufanya kazi, sawa. Lakini mtu wa kusema “huyu namjua” hapewi na ofisi yoyote.

Elfu sitini zilikuwa zimebaki thelathini na mbili. Zilitosha kuanzia.

Sasa ni miaka kadhaa mama yuko pale. Anauza ndagala za Mwanza. Za Tanganyika anasema ni tamu zaidi, na kila mteja lazima asikie hivyo hata kama hajauliza. Amening'iniza turubai ambalo analishusha upepo ukija na mvua. Ana wateja wake, ana kiti chake, watu wakimtafuta wanaelekezwa: yule mama Mrundi wa pembeni. Kwa mtu aliyekuwa akikimbia miaka sita na agataro kichwani, kuelekezwa ni jambo kubwa. Ukiwa na mahali, wanaokutafuta wanajua pa kukupata.

Nyie mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, mnaotupa mafunzo ya biashara na mitaji midogo, nawaomba jambo moja. Mama mmoja akikataa msaada ambao mnaona ni mzuri, msiandike haraka kwenye ripoti kwamba hana utayari. Muulizeni anahesabu nini. Mama yangu hakuwa anakataa kuendelea. Alikuwa ameshajua jambo kuhusu masoko ambalo mimi nilikuwa bado nasubiri kufundishwa muhula wa tatu.

Na sisi tunaosoma ujenzi, umeme, useremala: vioo vya Brussels ni vizuri, miavuli ya mzee Amuli ni mizuri zaidi. Lakini siku hizi nikichora jengo lolote, hata choo cha shule, nachora mtu mmoja mdogo ndani yake, nasimama mahali pake, halafu nachora mstari kutoka kwenye miguu yake mpaka nje. Mwalimu wangu aliuliza huyo ni nani. Nikasema ni mama mmoja.

Wiki iliyopita mvua ilipiga ghafla, ile ya kuangusha. Nilikuwa nimempelekea chakula. Wazunguzayi watano, sita, wakakimbilia chini ya paa na agataro zao, karibu na meza ya mama, maana ndiyo ya pembeni. Kelele za bati zilikuwa kubwa, hakuna aliyesikia kitu. Nikamwona mama anainuka. Nikafikiri atawafukuza kama yeye alivyokuwa anafukuzwa kwenye barza za watu. Aliwavuta mmoja mmoja kwa mkono, akawapanga nyuma ya meza yake, akasogeza gunia lake la ndagala ndani, akaweka agataro ya msichana mmoja juu ya kiti chake mwenyewe.

Halafu akaonyesha kwa kidole ile njia iliyobaki wazi kutoka mezani mpaka nje, akapiga kelele kushinda mvua:

“Simameni, watoto wangu. Lakini hapa, hapana kuziba!”